Nani Mwenye Kipimo? Moto, Udongo na Madini Katika Historia ya Kagera

Makada wetu wanapojadili viwanda, mambo mawili hayakosi kutajwa: mtaji na mitambo. Jambo la tatu husahauliwa, nalo ni kipimo. Kabla ya kuwasha tanuru, sharti mtu ajue ni udongo upi utakaostahimili moto na upi utakaopasuka. Kabla ya kuuza jiwe, sharti ajue ndani yake mna nini. Mwenye kujua hayo ndiye apangaye bei, na ndiye anayeamua kwamba jiwe hili ni mali na lile ni takataka. Kwa hiyo kipimo si shughuli ya mafundi peke yao. Ni suala la uchumi na siasa, na tunapenda kulichunguza kwa kufuata historia ya mkoa mmoja, Kagera, ambako watu walipima vitu kwa moto zamani sana kabla ya kuja kwa wageni.

Tumesukumwa kuandika na kazi kubwa inayofanyika sasa katika nchi za viwanda: kutafuta vyuma vitakavyofaa kujengea mitambo ya myeyungano wa viini vya atomu, yaani mitambo ya kuzalisha umeme kwa kuunganisha viini vya atomu kama inavyotokea ndani ya jua. Vijana wengi wanaosoma sayansi huiona kazi hiyo kuwa ndoto ya mbali isiyotuhusu. Sisi hatuoni hivyo, na sababu zetu zitaonekana tutakapofika huko. Kwanza turudi nyumbani.

Shule kabla ya Kashozi

Kashozi iko kaskazini ya mji wa Bukoba, katika nchi ya migomba na kahawa. Vitabu vingi huitaja kwa sababu moja. Mwaka 1892, baada ya vita vya dini huko Buganda, Mapadre Weupe wakiongozwa na Askofu Hirth walikimbilia upande huu wa ziwa na kufungua Kashozi misheni yao ya kwanza katika Buhaya. Tangu hapo historia ya elimu ya sehemu hizi imezoeleka kuhesabiwa kuanzia mwaka huo, kana kwamba kabla yake watu walikuwa wamekaa tu wakingojea kufundishwa.

Hatuna ugomvi na shule ya misheni. Viongozi wengi wa nchi hii walitoka katika shule za namna hiyo. Lakini wakati mapadre wanasimamisha kuta zao Kashozi, katika Buhaya walikuwako bado watu waliokuwa wakiyeyusha mawe na kupata chuma. Walikuwa na masomo yao, na mtihani wao ulikuwa mgumu: aliyekosea kuchagua udongo au mkaa alipoteza kazi ya wiki nyingi katika usiku mmoja. Hao hawakuandikwa katika daftari lolote la wasomi.

Habari zao zilianza kukusanywa kwa utaratibu mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alipokaa na wazee wa Buhaya akisikiliza masimulizi yao. Wazee walimpeleka Katuruka, upande wa Maruku, kwenye mahali patakatifu paitwapo Kaiija. Masimulizi yanasema kwamba Mkama Rugomora Mahe aliamuru wahunzi wamjengee hapo mnara wa chuma ufike mbinguni, na mnara huo ukaanguka. Msomi wa kikoloni angelisikia hayo angelicheka na kwenda zake. Schmidt alichimba, akakuta mkaa na mabaki ya kazi ya chuma ya zamani mno kuliko Rugomora Mahe mwenyewe, ambaye huhesabiwa kuwa alitawala katika karne ya 17. Masimulizi ya umma yalikuwa yamehifadhi mahali hata pale yalipobadilisha wakati. Baadaye yalichimbwa matanuru mengine karibu na ghuba ya Kemondo, nayo yakaonekana kuwa ya karne za kwanza baada ya Kristo.

Jinsi tanuru lilivyofanya kazi

Mwaka 1976 Schmidt, pamoja na mhandisi wa vyuma wa Chuo Kikuu cha Brown aitwaye Donald Avery, waliwaomba wazee Wahaya wayeyushe chuma tena. Wazee hao waliwahi kufanya kazi hiyo ujanani mwao, na tangu hapo ilikuwa imepita yapata nusu karne. Majaribio ya mwanzo hayakufaulu. Tunalitaja hilo makusudi. Ujuzi uliolala miaka hamsini hauamki kwa kukumbuka maneno. Huamka mikononi, na mikono huhitaji kukosea kwanza.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kulichimbwa shimo la kina kifupi, likasiribwa kwa udongo wa kichuguu. Juu yake zikajengwa kuta kwa mabonge ya mavi ya chuma ya zamani, yakaunganishwa kwa udongo uo huo. Shimoni yakachomwa matete ya kinamasi mpaka yakawa makaa meusi mepesi. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza juu ya kuni, kisha yakatiwa tanuruni pamoja na mkaa. Hewa ilipulizwa kwa mivukuto kupitia kewa nane za udongo wa mfinyanzi, na kewa hizo hazikuishia ukutani: zilipenyezwa mpaka ndani ya tanuru, zikazungukwa na moto wenyewe.

Mtu asiyefahamu ataona hapo udongo na matete tu. Mwenye kufahamu ataona mambo matatu.

La kwanza ni kichuguu. Mchwa huchambua udongo chembe kwa chembe, akaacha changarawe na kupandisha udongo laini. Fundi hakuhitaji chekecheo. Alikuwa amekwisha kuona udongo upi husimama katika moto na upi huporomoka, akamwachia mchwa kazi ya kuuandaa. La pili ni matete. Yalipoungua yaliacha kaboni yenye vitundu vingi, na mavi ya chuma yaliyoyeyuka yalipodondoka juu yake yaligusana na kaboni hiyo pande zote. Hivyo chuma kilichopatikana kilikuwa na kaboni ndani yake, na sehemu yake ilistahili kuitwa feleji.

La tatu, ambalo kwetu ndilo la maana zaidi, ni kewa. Avery na Schmidt walitoa taarifa kwamba karibu na midomo ya kewa joto lilipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na udongo wa kawaida wa mfinyanzi huanza kulegea mapema kuliko hapo. Kewa basi iliwekwa mahali ambapo isingeweza kupona. Ncha yake ilikuwa kama kioo, ikachuruzika, na kipande kilichoyeyuka kikaingia katika mavi ya chuma. Mafundi walijua. Waliitengeneza ndefu ili ife kidogo kidogo ikiwa kazini, na wakati wa kuisha kwake kazi iwe imekwisha. Sharti lao halikuwa chombo kisichoharibika. Walitaka chombo ambacho kuharibika kwake kunajulikana. Tunawaomba wasomaji walishike neno hili, maana tutalirudia tukifika kwenye mitambo ya leo.

Vigae vya kewa za Kagera vilichunguzwa katika maabara miaka ya 1980 na mtafiti S. Terry Childs. Wataalamu wa kazi hiyo wanaweza kutambua, kwa rangi ya kigae na kwa kiasi kilivyogeuka kioo, sehemu ipi ilikuwa ndani ya tanuru na ipi ilikuwa nje, na kwa kukichoma tena kukadiria joto lililokipata. Kigae kilichotupwa shambani karne nyingi kinabaki kuwa cheti cha mtihani.

Tusijivune kwa lisilothibitishwa

Makala ya Schmidt na Avery ilitoka katika jarida la Science mwezi wa Septemba 1978. Magazeti ya Magharibi yaliipokea kwa kelele, mengine yakaandika kwamba Waafrika wa ziwa hili walitengeneza feleji bora kuliko Ulaya kwa karne nyingi. Hapa nyumbani habari hizo hazikupata nafasi ya kutafakariwa. Tarehe 30 Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu, na mkoa huu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ukawa uwanja wa vita. Jina la Kagera ulipewa mwaka 1979.

Makada wengine tangu hapo wamezoea kuitaja feleji ya Buhaya jukwaani kama hirizi. Hilo si jambo la kimapinduzi. Madai mawili katika kazi ya Schmidt na Avery yalipingwa na wataalamu wenzao. La kwanza ni tarehe: baadhi ya vipimo vya mkaa wa Katuruka vilirudi nyuma hadi karne ya sita kabla ya Kristo, na wako waliosema kwamba mkaa huo unaweza kuwa wa kuni za zamani zaidi kuliko kazi yenyewe. La pili ni hewa. Schmidt na Avery walisema kwamba kewa zilizopenyezwa ndani ziliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na kwamba hiyo ndiyo siri ya joto kali. Mwaka 1986 mtaalamu wa matanuru, J. E. Rehder, alipiga hesabu akapinga kwamba hewa iliweza kupata joto kubwa kiasi hicho kwa njia hiyo. Wenyewe wakamjibu, na ubishi ukaendelea.

Msimamo wetu ni kwamba ubishi huu ni heshima kwa mafundi wa Buhaya. Kazi yao imepewa mizani ileile inayopewa kazi ya mhandisi yeyote. Mbaguzi wa jana alisema Mwafrika hakuvumbua kitu; msifiaji wa leo anasema alivumbua kila kitu. Wote wawili hawakutazama kigae.

Kwa nini moto ulizimika

Kama ujuzi ulikuwa mkubwa hivyo, kwa nini ulikufa? Jibu rahisi ni ukoloni, na jibu hilo ni la kweli. Emin Pasha alijenga boma la Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mwaka 1901 reli ya Uganda ilifika ziwani, pale panapoitwa sasa Kisumu, na bidhaa za Ulaya zikaanza kuvuka ziwa kwa meli. Chuma cha kigeni kilikuja kwa bei ambayo mchoma mkaa hangeweza kushindana nayo. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana kwa kahawa, si kwa chuma. Hata kiwango na kanuni za kahawa viliamriwa kutoka juu, na mwaka 1937 wakulima wa Buhaya walizikataa kanuni hizo kwa ghasia. Ndani ya miongo michache baada ya Kashozi kufunguliwa, tanuru la mwisho lilikuwa limepoa.

Lakini jibu hilo peke yake halitoshi, na mwenye kuishia hapo anaigeuza historia kuwa malalamiko. Tuangalie uhusiano wa uzalishaji ulivyokuwa ndani ya Buhaya yenyewe. Ardhi bora ilikuwa ikitolewa na mkama kwa wapendwa wake chini ya utaratibu wa nyarubanja, na mkulima aliyekuwa juu yake akawa mtwana, utaratibu ambao serikali yetu huru iliuvunja kwa sheria katika miaka ya 1960. Chuma nacho hakikuwa mali ya aliyekiyeyusha. Majembe na mikuki ilikwenda kwa watawala kama ushuru. Wanawake, ambao ndio waliolima kwa majembe hayo, walizuiwa kukaribia tanuru. Na ujuzi wenyewe ulifungwa ndani ya koo na kufunikwa kwa miiko: kipimo cha udongo kilifundishwa pamoja na dawa na mizimu, bila kutenganishwa, kiasi kwamba kijana alirithi vyote au hakurithi kitu.

Ujuzi wa namna hiyo una nguvu muda wote mnyororo haujakatika. Ukikatika pete moja, umekwisha. Vijana wa kizazi kimoja walipokwenda kwenye kahawa, shuleni na vibaruani, hapakuwa na mahali pengine palipokuwa pamehifadhi kipimo kile. Schmidt ameeleza pia kwamba zamani zaidi, kabla ya wakoloni, kazi ya chuma iliwahi kufifia katika ukanda wa ziwa kwa sababu mkaa ulikuwa umekula misitu. Basi si kila hasara ililetwa na meli.

Baada ya Azimio la Arusha tulijenga Kiwanda cha Zana za Kilimo Ubungo kwa msaada wa China, na jembe likatengenezwa tena nchini. Lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo chuma chake kiliagizwa kutoka nje. Tulikuwa tumerudisha nyundo, tanuru halikurudi.

Tanuru lisilo na chombo

Sasa tuvuke. Kusini mwa Ufaransa, mahali paitwapo Cadarache, unajengwa mtambo uitwao ITER. Mkataba wake ulitiwa sahihi Paris mwaka 2006 na Jumuiya ya Ulaya, China, India, Japani, Korea ya Kusini, Urusi na Marekani. Hakuna nchi ya Afrika katika orodha hiyo. Ndani ya mtambo huo gesi ya haidrojeni nzito itapashwa moto hadi nyuzi milioni 150. Hakuna chombo duniani cha kubeba moto huo, kwa hiyo utashikwa hewani kwa nguvu za sumaku. Lakini ukuta hauwezi kukosekana, na adha inaanzia hapo.

Viini vinapoungana hutoa chembe ziitwazo neutroni. Sumaku haiwezi kuzishika. Zinakwenda moja kwa moja ukutani na kuusukuma kila atomu ya chuma kutoka mahali pake, mara kwa mara, kwa miaka. Chuma huvimba, huwa kigumu kisha hupasuka kama chungu, na ndani yake huzaliwa gesi ya heli inayokitia vitundu. Mitambo ya nyuklia iliyopo sasa ya kupasua atomu haitoi mtihani wa kutosha, maana neutroni zake nyingi zina nguvu ndogo kuliko zile za myeyungano. Kwa sababu hiyo unajengwa mtambo mwingine huko Granada, Hispania, uitwao IFMIF-DONES, ambao kazi yake ni kupima tu. Hautazalisha umeme. Utarusha chembe kwenye mkondo wa lithi iliyoyeyuka ili kupata mvua ya neutroni, na katika mvua hiyo vitawekwa vipande vidogo vidogo vya vyuma ili vionekane vinavyokufa. Fedha nyingi hivyo kwa ajili ya kigae!

Hatusemi kwamba wahunzi wa Kemondo walijua atomu. La hasha. Tunasema kwamba swali ni lilelile la kewa. Wahandisi wa ITER wanajua kwamba sehemu ya chini ya mtambo, inayopokea joto na majivu, haitadumu. Imeundwa kwa vipande vinavyoweza kuondolewa na kubadilishwa. Kinachotafutwa ni kuharibika kunakojulikana.

Madini yaliyochaguliwa kwa sehemu hiyo ni wolframu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, juu kuliko metali nyingine zote. Mtambo wa JET huko Culham, Uingereza, uliofanya kazi tangu 1983 hadi 2023, ulijaribu ukuta wa wolframu na berili kuanzia mwaka 2011. Mwaka 2023 uongozi wa ITER uliamua kwamba hata ukuta wa juu, uliokuwa umekusudiwa kuwa wa berili, uwe wa wolframu. Kwa uamuzi wa chumba kimoja cha kikao, mahitaji ya jiwe moja yalipanda na ya jingine yakashuka.

Jiwe liko kwetu, kipimo kiko kwao

Na wolframu ni nini kwetu? Wanajiolojia wanauita mkanda wa miamba unaotoka kaskazini-magharibi ya Tanzania, ukapita kusini-magharibi ya Uganda, Rwanda na Burundi, kwa jina la Karagwe-Ankole. Mkanda huo una bati na wolframu. Bati huchimbwa Kyerwa, ambayo ilikuwa sehemu ya Karagwe mpaka mwaka 2012. Wolframu imechimbwa Kigezi tangu zamani za Waingereza, na Rwanda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa madini hayo katika Afrika. Sehemu kubwa ya wolframu ya dunia, zaidi ya robo tatu, hutoka China, na mwezi wa Februari 2025 China iliweka masharti ya kibali kwa usafirishaji wake. Tangu hapo wanunuzi wa Magharibi wanautazama mkanda wetu kwa macho mapya.

Tuangalie Rwanda ilivyojaribu. Mwaka 1973 makampuni ya Kibelgiji yaliunganishwa kuwa kampuni moja, SOMIRWA, serikali ikiwa na hisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda cha kuyeyushia bati huko Karuruma, karibu na Kigali. Ilikuwa hatua sahihi kabisa kimsimamo. Mwaka 1985 bei ya bati ya dunia ilianguka baada ya Baraza la Kimataifa la Bati kufilisika, na SOMIRWA ikafilisika mwaka huohuo. Wachimbaji wakarudi kwenye sururu, na jiwe likarudi kuuzwa ghafi. Kuwa na tanuru bila kuwa na sauti katika soko ni nusu ya kazi.

Nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara, inatufundisha jambo jingine. Iligunduliwa katika uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa miaka ya 1970, ikapita mikononi mwa kampuni moja baada ya nyingine za kigeni zilizotoboa miamba na kuondoka na takwimu. Mwaka 2021 iliundwa kampuni ya Tembo Nickel ambamo serikali yetu ina hisa asilimia 16, na ukawekwa mpango wa kujenga kiwanda cha kusafisha Kahama. Huo ni ushindi wa sera. Lakini njia ya kusafishia jiwe la Kabanga ilijaribiwa Perth, Australia, katika maabara ambayo kampuni mama, Lifezone, iliinunua mwaka 2023. Kiwanda kinaweza kujengwa Kahama. Uamuzi wa kwamba jiwe hili lisafishwe kwa njia ipi, na linabeba nini zaidi ya nikeli, ulifanyika ng'ambo ya bahari.

Tena nikeli inaonyesha wazi nguvu ya mpimaji. Chuma kisichoshika kutu cha mwili wa ITER kina nikeli ndani yake. Ila katika mitambo ya baadaye, itakayofanya kazi miaka mingi mfululizo, nikeli ndani ya ukuta inahofiwa, maana ikipigwa na neutroni huzaa heli nyingi na hubaki na mionzi muda mrefu. Kwa hiyo Ulaya imetunga feleji yake mpya, iitwayo Eurofer, ambamo nikeli imeachwa na wolframu kidogo ikatiwa. Mchimbaji wa Ngara na mchimbaji wa Kigezi hawakuulizwa.

Wengi wanakumbuka makinikia. Mwezi wa Machi 2017 Rais Magufuli alizuia usafirishaji wa mchanga wa dhahabu na shaba, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kamati ya wanajiolojia wetu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilipima, ikatoa taarifa mwezi wa Mei kwamba dhahabu iliyomo ni nyingi mno kuliko ilivyotangazwa. Kampuni ya Acacia ikakana. Mgogoro ukaishia kwenye makubaliano na Barrick ya mwaka 2020, kampuni ya pamoja ya Twiga na malipo ya dola milioni 300. Katika mabishano ya wakati ule watu waligawanyika: huyu anaiamini kamati, yule anaiamini kampuni. Wachache waliuliza jambo la msingi zaidi: ilikuwaje nchi ikasafirisha makinikia kwa karibu miaka ishirini bila kuwa na maabara yake ambayo pande zote mbili zingelazimika kukubali majibu yake? Ubishi wa namba hauishi kwa siasa peke yake. Huisha kwa mizani iliyothibitishwa, na mizani hiyo hujengwa kabla ya ugomvi, si siku ya ugomvi.

Nchi hii si tupu. Shirika la Viwango lilianzishwa mwaka 1975, TIRDO mwaka 1979. Tuna Tume ya Nguvu za Atomu Arusha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na mjini humohumo Taasisi ya Nelson Mandela inafundisha sayansi ya vitu mpaka shahada ya udaktari. Dodoma kuna maabara ya wanajiolojia wa serikali. Tangu mwaka 2019 tuna masoko ya madini mikoani. Wanafunzi wetu wa fizikia wanaweza kabisa kufanya kazi ya kutahini vyuma vya mitambo ya myeyungano, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukata, kusugua, kuchoma, kuvunja na kutazama kwa darubini, si kumiliki mtambo wa mabilioni. Vichuguu vya Kashozi na Kemondo vinangoja mtu wa kuvipima kwa ajili ya matofali ya tanuru zetu wenyewe. Hakuna mkataba wa kimataifa unaohitajika kwa hilo.

Umbali mkubwa kuliko wote uko kati ya maabara na shimo. Kanda nzima ya Maziwa Makuu, mchimbaji mdogo wa bati au wolframu huosha mchanga mtoni, akausukasuka kwenye karai, akaupima kwa jicho na uzito wa kiganja. Mnunuzi huja na kipimo cha mkononi cha eksirei, akakielekeza kwenye mfuko, akasoma namba, akatamka bei. Biashara ya wolframu duniani huhesabiwa kwa kiwango cha asilimia 65 ya oksaidi yake. Ikipungua hapo bei hukatwa, na arseniki ikizidi hukatwa tena. Mchimbaji huambiwa makato, haonyeshwi kioo cha kipimo. Ushirika wa wachimbaji ukinunua kipimo chake kimoja, na kijana wake mmoja akafundishwa kukisoma na kukirekebisha kwa sampuli iliyothibitishwa Dodoma, mnunuzi huyo atalazimika kukaa chini na kuhesabu upya mbele ya watu.